Umebeba sita ya nini?

Ngazi ya tatu kutoka juu ndo iliyonimaliza.

Ilikuwa Ijumaa ya mwezi wa nne, masika yamechachamaa, ukumbi uko ghorofa ya nne pale Sinza na lifti imebandikwa karatasi ya "MBOVU" ambayo yenyewe imezeeka mpaka wino umefifia. Mi nimeikumbatia kombo yangu ya valvu, yani ampu ya gitaa yenye spika ndani yake na taa za kioo za kukuzia sauti, spika mbili za inchi 12, kilo 29, nimeiegemeza tumboni kama mtu anayempandisha mgonjwa, siioni ngazi inayofuata, nahesabu kwa mguu tu. Kiatu kimelowa. Kikateleza kidogo, sikuanguka, nikajikaza ili ampu isije ikashuka yenyewe, na hapo hapo kiunoni kikalia kitu "ka!" kama kijiti kikavu.

Nikaiweka chini polepole. Mwenyewe nikabaki nimeinama.

Dogo wetu wa dramu akapita pembeni na snea yake kwapani, akanitazama, akasema, "Anko, hilo friji unampelekea nani?"

Tulianza saa tatu usiku tukamaliza saa nane, na shoo nzima nimepiga nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Anayelijua dansi anaijua hiyo aibu. Mpiga solo kukaa wakati waimbaji wanabembeleza sio mbaya, ila chemko limeingia, ile sehemu ya kasi ya kucheza, watu wamejaa uwanjani, wenzako mbele wanachezesha viuno, afu we uko kwenye kiti kama unasubiri kuitwa dirisha la dawa? Mama mmoja alikuja kunitunza elfu mbili akaniuliza kama naumwa.

Kiuno kilikaa sawa baada ya siku kumi hivi. Ila swali halikukaa sawa, na wiki tano zote hizi limenizunguka kichwani mpaka nimeona bora niandike.

Swali lenyewe: hivi ule mzigo nilikuwa nambebea nani?

## Hela ya pikipiki

Niwe mkweli tu. Ile ampu niliinunua kwa hela ya pikipiki.

Nilikuwa na pikipiki nzuri tu inaniingizia chochote, nikaiuza, kwa sababu kwa miezi kama minane hivi nilikuwa kila usiku nikirudi nalala na simu naangalia video za Wamarekani na Waingereza wanabishana kuhusu toni. Na wote wale, karibu wote, walikuwa na wimbo mmoja: valvu ndo ampu, ya transista, ile isiyo na taa za kioo, ni ya kujifunzia nyumbani. Zile taa za kioo zikiwaka rangi ya chungwa gizani, jamaa anagusa waya mmoja tu, anafumba macho. Na mi nikafumba macho huku Tabata.

Kwa hiyo nikauza kitu kinachobeba watu ili ninunue kitu cha kubebwa, afu kila wikiendi nikawa nawalipa wenye bajaji waje wanibebee. Kwenda na kurudi, maana saa nane za usiku daladala hamna, na bodaboda wakiiona tu wanacheka wanaondoa. Kuna mwezi nilikaa nikapiga hesabu nikakuta ile ampu imekula nusu ya posho yangu kwa usafiri tu. Nikafunga daftari. Sikutaka kujua zaidi.

Ila sio hela iliyonifanya niisitesite kuiuza. Ni kwamba niliogopa. Nilihisi nikirudi kwenye transista nitakuwa nimekubali kwamba mi ni mpiga gitaa wa baa tu, na wale wa kwenye video ndo wapiga gitaa.

Naandika hii sentensi naona inavyochekesha, lakini ndo ukweli.

## Mzee wa rizim

Aliyenitoa hapo ni mzee wetu wa gitaa la rizim. Huyu ni mtu wa miaka sitini na kitu, kapita bendi nyingi, haongei sana, akiongea huwa anafuta miwani kwanza. Siku ya mazoezi kanikuta nimekaa pembeni najichua mgongo, akafuta miwani.

"Kijana, hiyo ampu yako inaanza kukoroma sauti ikifika namba ngapi?"

"Sita hivi mzee. Hapo ndo utamu wake."

"Ulishawahi kufika sita kwenye shoo?"

Nikafikiria. Ukumbini huwa naiweka tatu. Siku moja niliisogeza nne na nusu na meneja wa baa akaja mwenyewe jukwaani.

"Hapana. Tatu."

"Sasa umebeba sita ya nini?"

Akavaa miwani akaendelea kutyuni.

Aisee. Nilikaa kimya mpaka mazoezi yakaisha.

Maana fikiria. Sifa kubwa ya valvu wanayoisifia kule ni namna sauti inavyochanika kwa utamu ukiisukuma, ule mkoromo wa kiblues na kirock. Ni kweli kabisa, transista za zamani zikizidiwa zinachanika vibaya, kama kitenge kibovu. Lakini muziki wetu sisi haukai huko. Dansi letu limesimama kwenye magitaa matatu yanayosukana: rizim anatwanga pale pale, second solo anajibu, solo anapita juu yao. Kila noti lazima itoke safi, ipige kona, ikae mahali pake, kwa sababu mmoja akianza kukoroma anawafunika wenzake na ule msuko wote unakuwa uji. Sikiliza sebene lolote la Kikongo lililokukosesha usingizi, sikiliza Sikinde na Msondo, gitaa linalia kama kengele. Tunatafuta ampu isiyokoroma mpaka mwisho wa usiku.

Na ampu isiyokoroma ni kazi ya transista. Kuna ile Jazz Chorus ya Roland, JC-120, imetoka mwaka 1975 na mpaka leo inatengenezwa, wati 60 mara mbili, kila upande na spika yake ya inchi 12. Sifa yake dunia nzima ni usafi wa sauti, na hata jamaa wa rock nzito kama James Hetfield wa Metallica wameitumia kwa zile sehemu zao safi. B.B. King, yule yule mfalme wa blues ambaye wapenda valvu wanamwapia, alipiga miaka mingi na Lab Series L5, na hiyo ni ya transista. Hili hawakunionyesha kwenye video. Au walinionyesha nikapitisha.

Tatizo JC-120 nayo ina kilo 28. Kwa hiyo transista peke yake sio jibu la kiuno.

## Kosa la pili

Nikafanya ambacho mtu mwenye hasira hufanya. Nikakimbilia upande wa pili kabisa.

Nikanunua kiampu cha mkononi, spika ya inchi 8, kilo tano na kitu, kwenye boksi wameandika wati 40 na sauti za ampu kumi na ngapi sijui ndani yake. Nyumbani kilikuwa mtoto mzuri. Nimekipeleka Jumamosi kwenye harusi Mbagala, nimepanda na gitaa mgongoni na ampu mkononi kama nimebeba hotipoti, roho nyeupe.

Bendi ilipoingia nikapotea.

Yani najiona navyopiga, vidole vinaenda, sijisikii. Nikapandisha sauti mpaka mwisho, kikaanza kulia kama redio ya mbao inayotafuta stesheni. Besi ilikuwa inanimeza, kinanda kinanimeza, hata MC alikuwa ananimeza. Second solo akanigeukia akanionyesha sikio. Nikamjibu kwa mabega.

Hapo ndo nikakaa chini kujifunza hesabu ambayo ningeijua mapema ningekuwa na pikipiki yangu. Wati sio sauti. Ukizidisha wati mara mbili, umeongeza desibeli 3 tu, ambazo sikio linazihisi kidogo sana. Ili isikike kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama mara kumi ya wati. Kwa hiyo wati 50 na wati 100 hazipishani vile unavyodhani. Kinachopishanisha sana ni spika: spika yenye sensitiviti (sauti inayotoa kwa wati moja) ya desibeli 100 ikipewa wati 25 inalingana na yenye 94 iliyopewa wati 100. Mara nne ya nguvu imepotelea kwenye spika mbovu! Na kispika cha inchi 8 ndani ya kiboksi kidogo hakisukumi hewa ya kutosha kushindana na dramu, haijalishi kwenye boksi wameandika nini.

Watu wataniuliza kwa nini nisichomeke moja kwa moja kwenye mikseri kama vijana wengi wanavyofanya sa hizi, pedali moja na waya mmoja, umemaliza. Nimejaribu shoo mbili. Ya kwanza ilikuwa raha. Ya pili mwimbaji alilalamika hajisikii, fundi mitambo akanizima mimi kwenye monita, ile spika ya kujisikilizia jukwaani, ili ampe yeye nafasi, na nusu saa nzima nimepiga kwa kumbukumbu. Sio kwamba yule fundi ni mbaya, ana chaneli kumi na sita na watu kumi na sita wanaomlalamikia. Ila mi nataka kitu changu mgongoni pangu ambacho mtu hakizimi.

## Kilo zinakaa wapi

Sasa nikaanza kuuliza vizuri, badala ya "ampu ipi tamu", nikauliza uzito unatoka wapi.

Unatoka kwenye chuma. Ampu ya valvu ina transfoma kubwa ya umeme na transfoma nyingine ya kutolea sauti, hivyo viwili peke yake ni mzigo. Transista haihitaji hiyo ya kutolea sauti, umepunguza. Zile za kisasa za klasi D, zinazokuza sauti kwa kuwasha na kuzima umeme haraka sana, zenye saplai ya swichingi inayobadilisha umeme kwa njia hiyo hiyo, zinaondoa hata transfoma kubwa ya umeme, ndo maana unakuta kitu cha wati 100 kinaingia kwenye begi la gitaa. Kilo nyingine ziko kwenye sumaku ya spika. Spika ya kawaida ya inchi 12, mfano Vintage 30 ya Celestion, ina karibu kilo 5, wakati ya sumaku ya neodimiamu ni kama kilo 2. Zilizobaki ni mbao. Fender walifanya hivyo hivyo na Tone Master yao ya mwaka 2019: klasi D, sumaku ya neodimiamu, mbao nyepesi, wakaishusha Deluxe Reverb kutoka kama kilo 19 hadi kama 10.

Nikashika kichwa. Kumbe inawezekana!

Nikataka kuagiza Marekani. Kuna ndugu alikuwa anarudi, nikamwandikia, afu nikakumbuka kilichompata mwenzetu mmoja aliyeletewa ampu nzuri kutoka huko, akaichomeka ukutani bila kusoma mgongoni. Imeandikwa 120, sisi ni 230. Ilitoa moshi mdogo tu wa adabu, afu kimya. Saplai nyingi za swichingi zinakubali kuanzia 100 mpaka 240, hizo hazina neno, ila sio zote, na isiyokubali inabidi uitembeze na transfoma ya kushusha umeme. Ambayo ina kilo zake. Yani ununue ampu nyepesi afu utembee na jiwe lake pembeni.

Jambo la umeme usilipite haraka kama unapiga live hizi kumbi zetu. Kuna siku umeme unakuwa mdogo, taa zinafifia kila besi ikipigwa, na ampu ya zamani inalegea sauti mpaka unadhani waya zimeoza.

## Fundi alivyoishika

Kilichonigeuza kabisa kilikuwa kwa fundi, Kariakoo. Nina fundi wangu pale, karekebisha kila kitu changu tangu nina redio kaseti. Nikaazima klasi D ya jamaa mmoja, kichwa (ampu isiyo na spika) kidogo kama kamusi, nikampelekea nikamwomba asikie na aseme. Akasikia, akatikisa kichwa akasema sauti iko poa. Afu akafungua skrubu nne, akachungulia.

Akafunga.

"Hii ikifa, imekufa."

Akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Vifaa vidogo kama chembe za sukari vimebandikwa juu ya bodi, hamna mguu wa kushika, hamna namba ya kusoma bila lenzi. Afu akavuta droo yake ya chini, akatoa transista mbili kubwa za chuma, 2N3055, zimekaa kwenye kopo la Blue Band na nyingine nyingi, akaziweka juu ya meza kama mtu anayelaza dhumna. "Ampu ikiwa na hizi, au ndugu zake, njoo hata Jumapili."

Hapo ndo nikaelewa kwamba nilikuwa nachagua kwa kilo peke yake kama mtu anayenunua mkaa. Huko kwenye video ampu ikifa wanairudisha dukani wanapewa nyingine. Mi duka langu la kurudisha ni huyu mzee na kopo lake. Ampu ya kilo tatu ambayo hawezi kuishika ni nyepesi mpaka siku inapozimika katikati ya harusi ya mtu, na baada ya hapo ni nzito kuliko zote.

Najua kuna watakaobisha, kwamba klasi D hazifi hovyo, na pengine ni kweli. Mi sina hela ya kwenda kuthibitisha.

## Kreti

Nilichochukua mwishowe ni Katana 50 ya Boss, na sio kwamba ndo bora kuliko zote duniani. JC-40 ilinitoa mate, mdogo wake JC-120, spika mbili za inchi 10, karibu kilo 16, lakini bei yake ingenibidi niuze pikipiki nyingine na sina. Katana ina kilo kama 11 na nusu, spika moja ya inchi 12, wati 50, na upande wa nguvu ni klasi AB ya kawaida, mfumo wa zamani wa transista. Ya 230, nimesoma mgongoni mara mbili. Fundi aliifungua akasema kwa lugha yake, "Huku nitakusaidia, kule kwenye ubongo ni wewe na Mungu wako." Kwa maana sauti inatengenezwa kwanza na chipu, na chipu hana. Nimekubali hiyo nusu.

Shoo ya kwanza nayo nusura inivunje moyo. Nimeipandisha ngazi zile zile za Sinza kwa mkono mmoja, nimefika juu sihemi, nimeiweka sakafuni nyuma yangu kama nilivyozoea, na bendi ikaingia, na nikaanza kupotea tena. Sio vibaya kama Mbagala ila nilianza kusikia jasho la baridi.

Mzee wa rizim akaacha kupiga. Katikati ya wimbo! Akaenda pembeni ya kaunta, akarudi na kreti tupu la soda, akalisimamisha, akainua ampu yangu akaiweka juu na kuiegemeza nyuma kidogo ikatazama kisogo changu. Akarudi kwenye rizim yake kama aliyekwenda kutema mate.

Na nikajisikia. Kila noti.

Miaka yote ile kombo yangu kubwa ilikuwa inapigia magoti ya suruali, ndo maana nilikuwa nadhani nahitaji spika mbili na wati mia. Masikio yangu hayako kwenye magoti. Baadaye nikapunguza besi kwenye ampu karibu nusu, maana besi ina mwenyewe, nikaongeza midi (sauti za kati) kidogo, na hata kinanda akawa ananipa njia. Wakati wa chemko nilikuwa nimesimama.

Je, toni ni ile ile? Hapana. Nisidanganye. Nikiwa peke yangu chumbani, ile ya valvu ina kitu, noti ikikaa inanenepa kidogo kabla haijafa, na hii haifanyi hivyo hata ukiibembeleza. Kuna usiku naukumbuka mnenepo ule. Ila dogo wa dramu alinirekodi kwa simu akiwa kwenye meza za nyuma, shoo zote mbili, ya zamani na ya sasa, na kule nyuma ambako watu wanakunywa na kucheza kilichosikika ni kama gitaa liko wazi au haliko. La sasa liko wazi.

## Mnunuzi

Jana kaja mtu kuiangalia ile kubwa. Kijana mpole, kanyoa vizuri, kaja na bajaji kabisa, maana yake alishaamua. Nikaiwasha, nikaisubiri ipate moto, nikampa gitaa. Akaisogeza mpaka sita.

Majirani wamenisamehe, natumaini. Kwa mara ya kwanza niliisikia pale inapotakiwa kuishi, na nilitaka kumwambia bei imepanda.

Badala yake nikamuuliza, "Unapigia bendi?"

"Hapana kaka, nina studio. Ya kurekodia tu."

"Studio iko ghorofani?"

"Iko chini. Mlango wa barabarani."

Nikapokea hela. Tukashika wote wawili, yeye mbele mi nyuma, na kabla hajainua nikamwambia apige magoti kwanza, asiinue kwa kiuno.